Sekunde Hamsini na Nane za Kimya

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, na kwenye giza lile nikasikia mtu mmoja anaendelea na kazi.

Ukumbi wetu wa kuunganisha makufuli hauna dirisha hata moja. Taa zikizimika ni giza la tumboni mwa chungu. Hata mkono wako mwenyewe unauulizia uko wapi.

Watu thelathini na mmoja walisimamisha mikono kwa mpigo. Wengine wakapiga miluzi. Mmoja akapaza sauti, "Haya jamani, tulale!" Kicheko.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, saa ya kupimia mkononi.

Ndipo nikasikia.

Tik. Tik. Tak.

Pini inaingia kwenye tundu, springi inafuata, kifuniko kinagongwa. Halafu ufunguo: krr, krr. Kufuli limefunga. Kufuli limefunguka.

Mtu anaunganisha kufuli gizani, na mwendo wake haujapungua hata kidogo.

Jenereta ilichukua dakika mbili kuwaka. Katika dakika hizo nilihesabu makufuli matatu na nusu.

Taa zilipowaka watu wakashangilia. Mama mmoja wa meza ya kumi na moja akainua kichwa, akamgusa mwenzake aliyekaa kulia kwake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Wanashangilia nini?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilimsikia vizuri.

Mtu mwingine angesisimka mwili mzima. Mimi nilichukua kalamu nikaandika: meza ya 11, matatu na nusu, bila taa.

Ngoja niwaeleze mimi ni nani, msije mkanishangaa.

Kazi yangu ni kupima muda kiwandani. Nasimama nyuma ya mtu, nabonyeza saa, naandika. Mkono umeenda wapi, umerudi lini, mwili umegeuka mara ngapi. Kila mwendo una sekunde zake. Mwendo usio na tija unaondolewa, na mwenye mwendo huo akizidi kuwa mzito, naye anaondolewa.

Wafanyakazi walinipa jina. Sekunde. Nikiingia ukumbini, utasikia mtu anakohoa, "Sekunde huyoo," na mikono yote inachangamka.

Mwezi wa tatu mwaka ule mimi na mke wangu tulizika mtoto. Alikaa duniani siku kumi na mbili. Siku ya nne baada ya mazishi nilirudi kazini.

Tangu hapo ndani yangu palikufa ganzi. Unajua mguu ulioukalia muda mrefu? Unaupiga kofi unasikia sauti tu, maumivu huyasikii. Basi ndivyo nilivyokuwa. Mtu akiniambia pole, namjibu asante kama niliyepewa risiti.

Kwa kazi yangu, ganzi ile ilikuwa mtaji. Meneja alinipenda.

"Laini imenenepa," aliniambia. "Ina watu thelathini na wawili. Ipunguze."

"Mpaka wangapi?"

"Saa yako ndiyo itasema."

Haya. Nikaanza kupima. Wastani wa laini ulikuwa sekunde hamsini na tano kwa kufuli moja. Mzito kuliko wote alikuwa na sabini na moja.

Mwepesi kuliko wote alikuwa na thelathini na nne. Ndiye yule mama wa gizani. Umri umekwenda, kitambaa kichwani, aproni iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Watu walimwita Mama Kufuli.

Siku ile ya umeme, wakati wa chai, nilimfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Sekunde."

"Umejuaje ni mimi?"

"Unatembea kama mtu anayehesabu." Akapuliza chai yake. "Umeona, eti?"

"Nimeona."

"Basi ishia hapo hapo kuona."

Nikakaa kwenye benchi. Akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa tena. Macho yalianza kumuaga mwaka juzi. Kwanza yalikwenda maandishi, halafu sura za watu. Sasa amebakiwa na mwanga wa mlangoni tu, tena kwa pembeni. Hospitali walimwambia amechelewa.

"Kwa nini usiseme ofisini mama? Wakupe kazi nyepesi."

Akacheka. "Mwanangu, nikisema nitakuwa kipofu. Nisiposema mimi ni Mama Kufuli."

Mwenzake wa mezani alikuwa amekaa pale pale pembeni yake, anakunywa chai, macho chini. Binti wa miaka kama ishirini na saba hivi. Hakusema neno. Hakuwa na kawaida ya kusema neno. Ndiyo maana jina lake lilikuwa Kimya.

Na huyo Kimya ndiye aliyekuwa na sekunde sabini na moja.

Sikumshtaki Mama Kufuli. Msinisifu. Haikuwa huruma, maana sikuwa nayo. Niliona tu ni maneno mengi.

Badala yake nilianza kuisoma mikono yake. Siku tisa nilisimama nyuma yake.

Wale wengine, kabla mkono haujaenda kuchukua springi, macho yanatangulia. Yanaenda, yanatafuta, yanarudi, ndipo mkono unaondoka. Ni safari mbili kwa kila kitu kidogo.

Mama Kufuli hakuwa na safari ya macho. Vikopo vyake alivipanga nusu duara mbele ya kifua, cha pini karibu na kidole gumba, cha springi kinachofuata, vifuniko kushoto. Viwiko vilitulia mezani kama vimegundishwa. Vidole tu ndivyo vilivyotembea.

Nikachora. Nikampelekea meneja. Akaagiza meza zote kumi na sita zipangwe vile.

Siku ile ile akaniita mlangoni kwake. "Waambie wakifika sekunde arobaini na sita, hakuna atakayeguswa."

Nikaenda nikawaambia. Nilisimama juu ya sanduku, nikalisema neno hilo kama lilivyo.

Weee! Watu walijituma mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kuna baba mmoja alikuwa anafanya mazoezi nyumbani na mbegu za maboga, mkewe anamhesabia. Baada ya wiki tatu wastani ukagota arobaini na sita kamili. Walinipigia makofi. Mama mmoja alinikumbatia, nikabaki nimesimama kama nguzo.

Mama Kufuli alibaki na thelathini na nne yake. Kimya naye alishuka, ila mpaka hamsini na nane tu. Bado wa mwisho.

Nikampelekea meneja karatasi.

"Safi sana," alisema. "Kwa mwendo huu watu ishirini na sita wanatosha. Niletee majina sita."

"Bosi, ulisema hakuna atakayeguswa."

"Nilisema ili wafike. Si wamefika?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta miwani yake huku anaongea.

Jumapili mchana nilikaa mezani nyumbani na karatasi zangu. Ilikuwa kazi rahisi: unapanga kuanzia mwepesi mpaka mzito, unakata sita za chini.

Mke wangu alikuja na kikombe cha maji, akasimama nyuma yangu. Siku hizo tulikuwa tukiongea mambo ya lazima tu. Gesi imeisha. Mlango umefunga?

"Huyu wa hamsini na nane," akasema, "hizi alama nyingi za vema ni za nini?"

"Kila mara anapogeuka kushoto naweka alama."

"Anageukia nini?"

"Sijui. Ni mwendo usio na tija."

"Umemuuliza?"

"Hatuulizi. Tunapima."

Akanitazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyowahi kuishi, sasa ina wapangaji wengine.

"Na mimi ningekuwa kwenye hiyo karatasi, ningekuwa wa ngapi?"

Akaweka maji mezani, akarudi jikoni. Mimi nikamalizia jina la sita.

Ijumaa barua zikatoka.

Watu watano walilia, au walitukana, au walifanya yote mawili. Yule baba wa mbegu za maboga alinishika ukosi, akaniachia mwenyewe, akasema, "Samahani, kaka." Yeye ndiye aliyeniomba samahani.

Kimya aliipokea barua yake, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Kisha akamaliza kufuli alilokuwa nalo mkononi. Akalijaribu kwa ufunguo. Krr, krr. Akaliweka kwenye sanduku, akamwinamia Mama Kufuli sikioni, akatoka.

Jumatatu nikapita na saa yangu kama kawaida.

Meza ya kumi na moja: sekunde arobaini na tisa.

Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikarudia. Sitini na tatu.

Mpaka saa ya chai zilikuwa zimefika themanini. Chini ya kiti chake palikuwa na springi zimetapakaa kama punje za mchele. Mkaguzi wa mwisho akarudisha sanduku zima: makufuli ishirini yasiyojaribiwa, na kila kufuli limepewa ufunguo wa mwenzake. Hakuna hata moja lililofunguka.

Ukumbi mzima ukawa unatazama. Nikamwendea.

"Mama, leo una nini?"

"Mimi sina kitu." Vidole vyake vilikuwa vinapapasa kikopo kitupu. "Macho yangu mmeyapa barua Ijumaa."

Nikarudi kwenye kijumba changu cha vioo, nikafunga mlango, nikatoa karatasi zote za meza ya kumi na moja.

Alama za vema. Mistari na mistari ya alama za vema. Anageuka kushoto. Anageuka kushoto. Anageuka kushoto.

Sasa nilikuwa najua Kimya alichokuwa anageukia. Alikuwa akimjazia mwenzake vikopo kabla havijaisha. Alikuwa akiokota springi zilizoanguka. Na zile funguo! Kila ufunguo una namba, na kila kufuli lina namba yake, ndogo kama chawa. Kimya ndiye aliyezisoma zote, zake na za Mama Kufuli, akampangia mwenzake makufuli na funguo zake kwa mfuatano, manne matano mbele. Kila kufuli. Siku nzima. Miaka miwili.

Kazi yote ile nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, nikaiandika kwa mkono wangu. Nikaiweka upande wa hasara.

Nikachukua kalamu. Thelathini na nne kujumlisha hamsini na nane ni tisini na mbili. Gawanya kwa watu wawili: arobaini na sita.

Meza ya kumi na moja ilikuwa sawasawa na wastani wa laini nzima. Haikuwa na bingwa wala mzembe. Ilikuwa na watu wawili.

Nikaenda kwa meneja. Nikamwekea hesabu mezani, nikamweleza mwanzo mwisho. Aliisoma, na nikamwona ameielewa.

"Kwa hiyo unaniambia kuna kipofu kwenye laini yangu."

"Nakuambia kuna meza inayofanya kazi."

Akavua miwani, akajikanda macho. "Sikiliza. Majina sita yameshakwenda juu. Sita ni sita, siwezi kuwaambia watano. Huyo binti ukitaka arudi, arudi. Nipe jina lingine."

"Jina lingine la nani?"

"Wewe ndiye mwenye saa."

Nikatoka na ile karatasi. Niliingia ukumbini nikapita katikati ya meza, na kila niliyemkaribia mikono yake ilichangamka. Nikajikuta nimesimama mbele ya meza ya kumi na moja. Sikuwa nimepanga kusimama pale, naapa.

Mama Kufuli aliacha kupapasa.

"Andika langu," akasema.

"Mama, mimi sijasema kitu."

"Ndiyo maana. Sekunde amesimama dakika nzima kimya. Mimi si mtoto mdogo." Akaanza kufungua kamba za aproni. "Wanataka kichwa kwa kichwa, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi andika, yule binti arudi. Ila usimwambie. Mwambie nimeamua kupumzika mwenyewe."

Nilipaswa kukataa. Kuna maneno ya kukataa, watu huyatumia kila siku. Mimi nilitoa kalamu mfukoni, nikaliandika jina lake pale pale, juu ya meza yake, na yeye akanishikilia karatasi isiteleze.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Kimya. Chumba kimoja, pazia la maua, ndoo tatu zimepangwa kwa ukubwa. Nikamwambia kumetokea kosa la hesabu, arudi kazini.

"Na mama?" akauliza.

"Anapumzika. Ameamua mwenyewe."

"Nani alikuwa anamwekea funguo jana?"

"Mambo yalikwenda," nikasema.

Uongo ulinitoka laini kama salamu.

Jumatano akarudi. Pembeni yake wakamweka baba mwingine kutoka meza ya nyuma. Nikasimama nyuma yake, nikabonyeza saa.

Thelathini na tatu.

Nikarudia. Thelathini na tatu. Nikarudia tena mara kumi, kama kanuni inavyotaka. Iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa thelathini na nne.

Yule niliyemwandika wa mwisho, mzito wa laini, binti niliyempa barua, ndiye aliyekuwa na mikono myepesi kuliko watu wote thelathini na wawili. Mwepesi kuliko hata Mama Kufuli. Miaka miwili alikuwa ameuficha wepesi wake ndani ya kazi ya mtu mwingine, na hakumwambia mtu.

Wakati wa chai alinifuata. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akianzisha mazungumzo.

"Kaka, aproni ya mama haipo msumarini. Mtu anayepumzika atarudi, haondoki na aproni ya kazi."

Nikamwambia ukweli. Sijui kwa nini. Labda nilichoka kubeba maneno.

"Yeye ndiye aliyesema liandikwe jina lake?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukaandika?"

"Nikaandika."

Akatingisha kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha namba.

"Ni mama yako mzazi?" nikamuuliza. "Shangazi?"

"Si ndugu yangu. Kwao hata sikujui." "Siku yangu ya kwanza hapa nilimwaga kikopo kizima cha springi. Nikajua nafukuzwa. Yeye akapiga magoti akaziokota moja moja, akaniambia, wewe endelea na kazi, usiangalie chini. Wakati huo alikuwa anaona."

Akarudi mezani kwake. Alifanya kazi mpaka mwisho wa zamu, thelathini na tatu, thelathini na tatu, bila kupunguza wala kuongeza. Akapangusa meza. Akaning'iniza aproni.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

"Tumebaki ishirini na watano," meneja akasema. "Laini inakwenda?"

"Inakwenda."

"Basi vizuri."

Miezi ilipita. Jumamosi moja nikaulizia, nikaelekezwa kwa Mama Kufuli. Uani alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwa vidole, mabovu anayatupa pembeni bila kukosea. Kimya alikuwa anaanika nguo kwenye kamba. Wamehamia pamoja. Wanatengeneza makufuli mabovu ya watu wa mtaani, mmoja anasoma namba, mwingine anafungua matumbo ya chuma.

"Sekunde," mama akasema kabla sijapiga hodi. "Laini inaendaje?"

"Arobaini na nne."

"Mmepunguza mbili."

"Ndiyo mama."

"Hongereni."

Hakuwa ananikejeli. Alimaanisha. Mtu wa kiwanda akisikia wastani umeshuka, moyo wake unafurahi wenyewe.

Kimya akapita na ndoo. "Nipishe, kaka," akasema. Nikampisha. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenipa kiti.

Ningependa kuwaambia nililia njiani. Sikulia. Nilinunua mkate, nikaenda nyumbani, nikamsimulia mke wangu habari yote hii kama nilivyowasimulia ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe unaweza kuongea," akaanza kukata mkate.

Bado napima muda. Ni kazi ninayoijua, na viwanda bila vipimo haviendi, hilo silibishi. Lakini vijana wapya wakija kunisaidia, wanashika saa, wanakimbilia kumtafuta mzembe wa laini. Mimi nawaambia wasimwandike kwanza.

Ukimwona mtu ni mzito, mzunguke. Mwangalie mgongoni.

Huenda amembeba mtu.